Kabla Hujanunua Mashine Mpya ya Kulainisha Maji

Wadogo zangu, leo twendeni uani, pale penye pampu na mabomba, kwa sababu mmoja wenu kutoka kaskazini mwa Mombasa ameniletea swali ambalo najua linawasumbua wengi wenye visima huku pwani. Nyumbani kwake kuna mashine ya kulainisha maji. Mwanzoni aliifurahia: sabuni ilitoa povu, khanga hazikukakamaa kambani, birika lilibaki safi ndani. Sasa mambo yamerudi kulekule. Nywele zinanata, vioo vya bafuni vina madoa meupe, na hita inanguruma kila ikiwashwa. Amemwita fundi, fundi akaitazama mashine akiwa amesimama mlangoni, akasema imekufa, inunuliwe nyingine. Ananiuliza anunue ya aina gani.

Mdogo wangu, usinunue kwanza. Mashine hizi zinahukumiwa kifo mapema mno, na hilo linaniuma kwa sababu pesa inayopotea ni ada ya mtoto au bati la nyumba. Kazi yake ni moja tu, na kazi hiyo ikikwama, mara nyingi kilichoikwamisha ni kitu kidogo: chumvi iliyoganda, saa iliyopotea, tundu lililoziba, au maji yasiyo na presha ya kutosha. Hayo yote unaweza kuyakagua mwenyewe bila kufungua chochote kikubwa.

Tuanze na adui. Kuanzia Malindi kushuka hadi Kwale, na ng'ambo kule sehemu kubwa ya Unguja, tumejenga juu ya mwamba wa matumbawe. Ni chokaa ya bahari ya kale, jiwe lilelile linalochimbwa Bamburi kutengenezea saruji. Mvua ikinyesha, maji hupenya udongoni, huchukua hewa ya kaboni iliyomo humo na kugeuka asidi hafifu, kisha huiyeyusha ile chokaa polepole. Yakifika kwenye pampu yako yameshabeba kalsiamu na magnesiamu. Hayo ndiyo maji magumu, na maabara ikikuandikia zaidi ya miligramu 180 kwa lita, basi ni magumu sana. Ukiyachemsha, chokaa hurudi kuwa jiwe juu ya chuma cha hita. Ukiyatia sabuni, unapata utando wa kijivu kwenye beseni badala ya povu.

Mashine ina vyombo viwili. Kuna mtungi mrefu uliojaa punje ndogo za rezini, za rangi ya asali, mviringo kama mayai ya samaki. Pembeni yake kuna tangi la chumvi. Punje zile zimeshika sodiamu. Maji yakipita, punje zinaikamata kalsiamu na kuiachia sodiamu iende zake. Zikishashiba kalsiamu haziwezi kukamata zaidi, kwa hiyo mashine inajiosha: inavuta maji makali ya chumvi kutoka kwenye lile tangi, inayapitisha juu ya punje, chumvi inaisukuma kalsiamu itoke, na uchafu wote unamwagwa kwenye mtaro. Kichwa cha mashine, pale juu ya mtungi penye saa na valvu, ndicho kinachoongoza shughuli hiyo. Ukikumbuka hilo la kujiosha umeshajua mahali pa kutafutia ugonjwa, kwa sababu karibu kila hitilafu ya mashine hii inatokana na kutojiosha, au kujiosha nusunusu.

Kwanza hakikisha kweli maji hayalainiki. Chukua chupa tatu ndogo zenye vifuniko. Moja tia maji ya mvua uliyokinga, ya pili tia maji ya kisima kutoka bomba lililo kabla ya mashine, ya tatu maji ya bomba la bafuni. Jaza kila moja hadi theluthi. Kwangua sabuni ya kipande, ile ya kufulia nguo, utie kiasi sawasawa kila chupa. Usitumie sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maana nyingi zimetengenezwa zitoe povu hata kwenye maji magumu na zitakudanganya. Tikisa kwa nguvu, ziweke mezani, uangalie. Chupa ya mvua itakuwa na povu zito linalokaa, na maji yake chini yatakuwa karibu maangavu bila takataka. Ya kisima itakuwa na povu la kutoweka na vipande vipande vinavyoelea kama maziwa yaliyokatika. Ya bafuni ndiyo itakayokupa jibu. Ikifanana na ya kisima, mashine haifanyi kazi. Ikiwa katikati, inajiosha lakini haitoshi. Ikifanana na ya mvua, mashine ni nzima, na ule ukoko wa birika unatoka kwingine: pengine bomba la jikoni liliungwa kabla ya mashine, au ni chokaa ya zamani inayobanduka ndani ya mabomba na hita.

Ukishajua maji hayalainiki, tazama baipasi kabla ya kugusa kitu kingine. Nyuma ya kichwa cha mashine kuna valvu, au mikono miwili ya kuzungusha, inayoamua maji yapite ndani ya mashine au yaikwepe. Fundi akija kubadilisha pampu au kuziba bomba huifunga mashine kwa njia hiyo, kisha anaondoka. Familia inakaa miezi ikioga maji ya kisima huku mashine imesimama pale, taa inawaka, saa inatembea. Angalia mishale, rudisha mahali pake, subiri siku moja, rudia chupa zako.

Kama baipasi iko sawa, nenda kwenye saa. Mashine nyingi zimepangwa zijioshe saa nane usiku, wakati nyumba imelala, kwa sababu zinapojiosha huwa zinaruhusu maji magumu kupita moja kwa moja ndani ya nyumba. Sasa huku kwetu stima inakatika. Mashine za zamani zenye saa ya meno husimama stima ikipotea na kuendelea ikirudi, kwa hiyo kila saa moja ya giza ni saa moja ya kuchelewa. Kata stima mara kadhaa, na ile saa nane ya usiku inakuwa saa moja asubuhi, wakati watoto wanaoga na mtu anafua. Wewe unaona maji magumu kila ukiyatumia, unadhani mashine imeharibika, kumbe inajiosha vizuri sana, ila kwa wakati usiofaa. Mashine za kidijitali nyingi zina betri ndogo au kumbukumbu ya ndani, lakini nazo zikikaa gizani muda mrefu hupoteza saa. Kila baada ya stima kukatika kwa muda mrefu, pita uirekebishe.

Halafu chumvi. Fungua kifuniko cha tangi. Swali langu la kwanza ni hili: chumvi inapungua? Kama huna kumbukumbu, weka alama ya kalamu ukutani mwa tangi leo. Mashine inayojiosha inakula chumvi, na mtungi wa kawaida wa nyumbani hutumia takriban kilo 3 kila unapojiosha. Kama kiwango hakishuki kabisa kwa wiki kadhaa, hakuna kujiosha kunakofanyika.

Na usiridhike kwa kuona chumvi juu. Pwani hewa yetu ina unyevu mwingi, na chumvi ya juu hushikana ikawa dari gumu, huku chini yake pakiwa patupu. Maji yako chini, chumvi iko juu, havikutani. Kwa macho tangi limejaa. Chukua mpini wa fagio, ushushe taratibu katikati na pembeni. Ukigonga kitu kigumu kabla ya kufika chini, au mpini ukipenya ghafla ukaanguka kwenye utupu, umelipata dari. Livunje kwa kugongagonga polepole, ukielekeza mpini katikati, usije ukatoboa tangi au kuvunja bomba la boya lililo pembeni. Vipande vikianguka majini, acha saa chache viyeyuke, kisha iamuru mashine ijioshe kwa mkono.

Kinyume cha dari ni tope. Ukitia chumvi laini ya mezani, inalala chini ikawa uji mzito unaoziba kila kitundu. Chumvi ghafi ya baharini nayo, isiyooshwa, huja na mchanga na udongo. Sisi tuna bahati ya kuwa karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, na sina neno na chumvi ya kwetu. Nunua tu ile ya mabonge, iliyooshwa, nyeupe safi. Jaribu bonge moja kwenye glasi ya maji: likiyeyuka na kuacha matope chini, tope hilohilo ndilo linaloingia kwenye tangi lako kila mwezi. Jaza nusu hadi theluthi mbili ya tangi, basi. Mara moja kwa mwaka acha chumvi ishuke, teka maji, lioshe tangi kwa ndani.

Sasa naomba tukae kidogo kwenye presha, kwa sababu hapa ndipo nyumba zetu zinapotofautiana na zile ambazo mashine hizi zilitengenezewa. Mashine haina pampu ya kuvutia maji ya chumvi. Ina injekta, kitundu chembamba ambamo maji hupita kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo inayoyanyonya maji ya chumvi kutoka tangini. Bila presha hakuna kasi, na bila kasi hakuna kunyonya. Mashine nyingi zinataka angalau baa 1.5 hadi 2. Maji yanayoshuka kwa uzito wake tu hupata baa moja kwa kila mita 10 za kimo. Tangi lako la juu ya paa likiwa mita 5 juu ya mashine, una nusu baa. Hiyo haitoshi hata kidogo. Mashine itageuza valvu zake, itatoa sauti zake zote, itamwaga maji kwenye mtaro, na asubuhi chumvi itakuwa palepale ilipokuwa.

Nyumba nyingine presha inatosha mchana, pampu ikiwa inafanya kazi, lakini baba mwenye nyumba anazima swichi ya pampu usiku ili kupunguza bili. Saa nane mashine inaamka kujiosha na kukuta mabomba hayana nguvu. Kabla ya kulaumu kichwa cha mashine, uliza pampu inazimwa saa ngapi. Dawa ni mbili: ama uhamishe saa ya kujiosha iwe wakati pampu imewashwa na hakuna anayeoga, ama fundi aipeleke mashine kati ya pampu ya kisima na tangi la juu, ili maji yakipanda yawe yameshalainishwa. Mwenye kutegemea tangi la paa bila pampu yoyote hatakiwi kuuziwa mashine hii bila kuongezewa pampu ndogo ya presha. Aliyemuuzia alipaswa kumwambia.

Presha ikiwa nzuri na chumvi bado haishuki, ni zamu ya injekta. Kijaribio chake ni rahisi. Iamuru mashine ijioshe, isubiri ifike hatua ya kuvuta chumvi, kisha chomoa mpira mwembamba unaopeleka maji ya chumvi kwenye kichwa cha mashine, uuchomoe upande wa tangi la chumvi, uweke kidole mdomoni mwake. Ukihisi unavutwa, injekta ni nzima, na tatizo ni boya au bomba lake ndani ya tangi. Usipohisi chochote, au maji yakikusukuma kidole, pameziba, ama kwenye injekta ama kwenye mpira wa kutolea maji machafu. Angalia kwanza mpira huo haukukunjwa wala kukanyagwa na ndoo. Angalia pia viungo vya ule mpira mwembamba. Ufa mdogo hufanya mashine inyonye hewa badala ya chumvi.

Kusafisha injekta si kazi ya kuogopesha, ila fuata utaratibu. Chomoa plagi. Fungua baipasi ili maji yaikwepe mashine, na utoe presha iliyobaki ndani kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Kwenye ubavu wa kichwa, karibu na ule mpira mwembamba unapoingilia, kuna kifuniko chenye skrubu, mara nyingi mbili. Tandika taulo chini, maana vitu vya humo ni vidogo na vinapenda kukimbia. Piga picha kwa simu kila hatua ili ukumbuke kipi kilikaa wapi. Utatoa kichujio kidogo cha wavu na kipande cha plastiki chenye kitundu. Kwenye maji yetu mara nyingi utakuta vumbi jeupe la chokaa limekishika, au uchafu wa kahawia kama kisima kina madini ya chuma. Loweka kwenye siki ya moto kiasi, sugua kwa mswaki laini, zibua kitundu kwa kijiti cha meno cha mbao. Usitumie sindano wala waya, kwa sababu ukikipanua kitundu hicho hata kidogo, injekta haitanyonya tena sawasawa. Oringi zake, yaani zile pete za mpira, zipake grisi ya silikoni; vaselini na mafuta ya kupikia huiharibu mipira mingi. Rudisha, fungua maji polepole, angalia uvujaji, rudishia plagi.

Baada ya kuipata hitilafu, ioshe mashine mara mbili mfululizo, siku mbili zinazofuatana. Punje zilizokaa muda mrefu bila chumvi zimeshiba kupita kiasi, na mwosho mmoja hautazirudisha zote.

Kuna wenye mashine nzima kabisa iliyozidiwa tu. Mtungi wenye lita 28 za rezini, ukioshwa kwa chumvi ya wastani, hubeba takriban kilo 1.4 za ugumu. Kisima chako kikiwa na miligramu 350 kwa lita, hiyo ni kama lita 4,000 za maji. Mlikuwa watu watatu, sasa mko wanane na kila mmoja anatumia lita 150 kwa siku: siku ya nne punje zimeshashiba. Kama saa imewekwa ioshe mara moja kwa wiki, nusu ya wiki mnaoga maji magumu. Badilisha mpangilio, ioshe kila siku ya tatu. Haigharimu fundi.

Mengine nayapitia haraka. Tangi la chumvi likifurika, maji yanaingia bila kuvutwa. Rudi kwenye injekta, kisha boya. Maji yakitiririka kwenye mtaro mchana kutwa, pistoni au sili za ndani ya kichwa zimechoka, na hapo muite fundi. Punje za rangi ya asali zikitokea kwenye bomba au kwenye shawa, kikapu cha ndani ya mtungi kimevunjika au rezini imesagika. Weka baipasi siku hiyohiyo ili zisizibe nyumba nzima. Rezini ikitunzwa hudumu miaka 10 hadi 15, lakini klorini nyingi na chuma huifupishia maisha.

Maji yakiwa na ladha ya chumvi bombani, onja kwanza yale ya kisima. Mashine ikikosa kujisuuza vizuri huacha chumvi, na hilo linatibika. Lakini kisima kilicho karibu na ufuo kikivutwa kupita kiasi, bahari huingia chini kwa chini, na hakuna mashine ya kulainisha inayoweza kutoa chumvi hiyo. Hiyo inataka mashine ya kuchuja chumvi, ambayo ni kitu kingine kabisa. Vivyo hivyo ndugu zetu wa Arusha wenye floridi kwenye maji: hii haiwasaidii, wasidanganywe.

Ukimwita fundi, mwambie ulichokagua na ulichokuta. Fundi mzuri atakushukuru, kazi yake imekuwa nusu. Asiyetaka kufungua hata kifuniko cha chumvi kabla ya kukwambia ununue nyingine, mlipe nauli yake mwagane salama. Na maji ya kuoshea mashine yasielekezwe kwenye mnazi, mgomba wala karibu na kisima, kwa kuwa ni chumvi tupu.

Jambo la mwisho, na hili naomba mlichukulie kwa uzito. Maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita hutoka kwenye mashine yakiwa yameongezewa takriban miligramu 140 za sodiamu katika kila lita. Kwa kuoga na kufua haina shida. Lakini kama nyumbani kuna mzee mwenye shinikizo la damu ambaye daktari amempunguzia chumvi, au mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, mwambie fundi aunganishe bomba moja la jikoni kutoka kabla ya mashine liwe la kunywea na kupikia. Maji hayo myachemshe, kwa sababu mashine ya kulainisha maji haiui vijidudu.